Tumbaku tunalima wenyewe, wavutaji tuko wachache. Kimetuokoa nini?

#1 Kipimajoto
Wakuu salaam. Niingie moja kwa moja.

Utafiti wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika hapa Tanzania 2018 ulipata watumiaji asilimia 8.7: wanaume 14.6, wanawake 3.2. Kenya walipima 2014 wakapata 11.6. Uganda 2013 wakapata 7.9. Sasa geuka utazame Indonesia: huko wanaume zaidi ya sita katika kila kumi wanavuta. Marekani mwaka 1965 watu wazima waliokuwa wakivuta walikuwa asilimia 42.

Bidhaa tunayo. Tabora wanalima, Chunya wanalima, Mpanda na Namtumbo wanalima. Kiwanda cha sigara kipo Dar tangu 1961. Fegi unauziwa moja moja mpaka usiku wa manane. Na bado katika watu kumi humpati hata mmoja kamili.

Nauliza: kimetuokoa nini? Au hatujaokoka, ni zamu tu haijafika?

#2 Siti ya Mbele
Nimetandika mkeka. Kahawa na kashata juu yangu.

#3 Konda Mstaafu
Mbona jibu liko mfukoni. Hela hakuna. Wenzetu wanavuta paketi kwa siku. Sisi enzi za daladala ulikuwa unanunua moja, unavuta nusu Ubungo, unaizima kwenye soli ya kiatu, kipisi nyuma ya sikio, unakuja kumalizia Posta. Siku ikiwa mbaya mnagawana na dereva pafu kwa pafu. Mpe Mbongo kipato kizuri halafu uje uhesabu tena.

#4 Nesi wa Zamu
Kipimajoto, hapo weka sawa kidogo. Hiyo 8.7 ni tumbaku ya kila aina, ugoro na ya kutafuna imo. Wanaovuta moshi peke yao hawafiki asilimia 7. Tofauti inaonekana zaidi kwa wanawake. Chukua utafiti huohuo wa Kenya: wanawake wanaovuta ni asilimia 0.8, wanaotumia isiyo na moshi ni 3.8. Anayesema wanawake wa kwetu hawavuti anasema kweli. Anayesema hawatumii hajawahi kukaa na bibi wa kijijini jioni.

#5 Bint Wete
Nesi kamtaja bibi yangu bila kumjua. Bibi mzaa mama hakushika sigara maisha yake yote, na akimwona mwanamke anavuta anageuza uso. Lakini kijaluba chake cha uraibu hakitoki pembeni ya mkeka: tambuu, popoo, chokaa, katu, na tumbaku iliyokunjwa kwenye karatasi ya daftari la mjukuu. Anapaka chokaa kwa kidole cha shahada, anakunja, anabana shavuni, na hapo ndipo habari za mtaa zinaanza. Akija kijana na fomu amuulize kama anatumia tumbaku, atakana na kiapo juu.

#6 Chuma cha Pua
Kwa hiyo takwimu zote ni chai. Uzi ufungwe.

#7 Kipimajoto
Chuma, tulia. Ule utafiti hauulizi swali moja ukaondoka. Unapita bidhaa baada ya bidhaa: sigara, msokoto, kiko, ugoro, ya kutafuna. Na kila kaya anachaguliwa mtu mmoja kwa bahati nasibu, anajibu mwenyewe, baba hamjibii mama. Una mapungufu, ila chai siyo.

#8 Kijana wa Kaliua
Mimi nimekulia ndani ya tumbaku. Kulima na kuvuta havijuani kabisa.

Tumbaku ya mvuke haitoki shambani ikaenda mdomoni. Unachuma majani ukianzia ya chini, unayafunga kwenye fito, unapandisha ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, halafu moto unawaka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Watoto tulikuwa tunapewa zamu ya kulinda moto. Ukisinzia, joto likayumba, jani linaharibika rangi, na rangi ndiyo bei. Siku ya soko mteuzi anasimama mbele ya robota lako, anachomoa jani, ananusa, analinyoosha, anatamka daraja, anahamia la jirani. Mwaka mzima wa familia umeamuliwa hapo hapo. Mzigo unaondoka, sisi tunabaki kukatana na chama cha msingi deni la pembejeo. Wazee waliokuwa wanavuta walipanda ya kwao ya kienyeji nyuma ya nyumba.

Halafu mnaongelea afya mnahesabu wavutaji tu. Ukichuma asubuhi majani yana umande, ile nikotini inapita kwenye ngozi. Kichwa kinagonga, unatapika, miguu haina nguvu. Nyumbani tulikuwa tunameza dawa za malaria. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ugonjwa huo unajulikana popote tumbaku inapolimwa, kutoka Marekani mpaka Malawi. Sigara sijawahi kuvuta, lakini nikotini ilianza kuniingia nikiwa darasa la tatu. Kwenye jedwali lako, Kipimajoto, mimi nimo safu ipi?

#9 Siti ya Mbele
Hiyo ya darasa la tatu imenigusa. Endeleeni.

#10 Konda Mstaafu
Kijana, Urambo na Kaliua si tuliambiwa ni nchi ya karanga?

#11 Kijana wa Kaliua
Karanga za Mwingereza hizo. Mradi ulianza 1947, Kongwa, Nachingwea na Urambo, mpaka 1951 ulikuwa umekufa na hasara ya kihistoria. Urambo ndipo tumbaku ikashika nafasi. Miti ambayo trekta za karanga zilishindwa kuing'oa, bani limeimaliza taratibu kwa shoka. Miombo niliyoikuta utotoni mdogo wangu haijui.

#12 Mtu wa Migori
Habari zenu majirani. Naona mnasahau sheria. Huku kwetu Kenya sheria ya kudhibiti tumbaku ni ya 2007. Ukipatikana unavuta kwa barabara Nairobi askari wa kaunti wanakushika, lazima uende pale kwa vile vibanda vya wavutaji. Kuuza fegi moja moja sheria imekataza, pakiti isiwe chini ya kumi. Na tangu 2016 pakiti iko na picha za kutisha. Watu wameogopa, wamepunguza.

Kuhusu mkulima, Kijana ako na ukweli. Migori na Kuria wamelima hii kitu miaka nenda rudi na nyumba ni zilezile. Mwaka 2022 serikali pamoja na mashirika ya UN ya afya na chakula (WHO, FAO na WFP) walianzisha mpango wa kutoa wakulima kwa tumbaku waingie kwa maharage yenye madini ya chuma mengi. Mjomba wangu aliingia. Anasema kitu ya kwanza aliona ni usingizi: maharage hayataki mtu akae macho usiku akiweka kuni.

#13 Konda Mstaafu
Mtu wa Migori, karibu, ila hesabu yako inakukaba. Nyie ndio wenye sheria kali, na nyie ndio wenye asilimia 11.6. Sisi tunaovuta popote tuna 8.7. Sheria imesaidia nini?

#14 Mtu wa Migori
Hiyo ni 2014, picha hazikuwa zimekuja. Na yenu ni 2018. Huwezi pima mtoto wa jana na wa leo kwa futi moja.

#15 Machinga Msomi
Hebu kwanza, Nairobi fegi moja haiuzwi? Nimelala River Road juzi juzi, nimenunua moja kwenye kibanda cha peremende kama kawaida.

#16 Mtu wa Migori
Nimesema sheria imekataza. Sikusema kibanda kimesikia.

#17 Mlokole Mkimya
Mnazunguka. Ni dini. Mwadventista havuti, mlokole havuti, Mwislamu anayejiheshimu akivuta anajificha. Ukoo wetu mzima ulioacha sigara uliacha siku ya kuokoka. Hakuna aliyeona picha ya pafu bovu.

#18 Chuma cha Pua
Indonesia ina Waislamu wengi kuliko nchi yoyote duniani, na Kipimajoto ametuambia wanaume sita katika kumi wanavuta. Dini imeenda wapi?

#19 Mlokole Mkimya
Indonesia siijui. Naongea ninachokiona Mwanza.

#20 Mzee Karafuu
Wanangu hamjambo. Mmeitaja Indonesia, basi Pemba tuna jambo la kusema.

Zile sigara zao zinazolia kwenye moto zinaitwa kretek, ndani yake mna karafuu ya kusagwa iliyochanganywa na tumbaku. Na karafuu hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ikitoka kwetu. Meli zilikuwa zikipakia, bei ikiwa nzuri, na ndipo baadhi ya nyumba za mawe mnazoziona zilipojengwa. Baadaye wakapanda ya kwao wakajitosheleza, wakaacha kununua, bei ikaanguka, na watu wengi huku walitiwa umaskini. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunachuma, wao wanavuta, na tulipoona hasara tuliona ni hasara ya bei. Hapana mtu aliyeuliza yale magunia yanakwenda kuwafanya nini watu wa huko. Hata mimi sikuuliza, nilikuwa juu ya mkarafuu nimefungwa kamba kiunoni.

Nchi ile mpaka sasa haimo kwenye mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku, wakati karibu nchi zote zimo. Tanzania iliridhia 2007.

#21 Bint Wete
Shikamoo babu. Haya ndiyo mambo ninayoyafuata huku.

#22 Mzee Karafuu
Marahaba mwanangu. Na huyo bibi yako mwambie popoo nayo imeshahesabiwa kuwa inaleta saratani ya mdomo, hata bila ya tumbaku. Wangu mimi nilimwambia, akanijibu nimpe basi kitu chengine cha kutafuna.

#23 Mbongo Leicester
Nasoma kimya tangu asubuhi. Niwape upande wa huku, kwa sababu mnatafuta kilichotuokoa kabla ya kuuliza kama tumeokoka.

Uingereza mwaka 1948 wanaume wanane katika kumi walikuwa wanatumia tumbaku kwa namna moja au nyingine. Madaktari wenyewe walikuwa wanavuta. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wakachapisha utafiti wa wagonjwa wa saratani ya mapafu, wakaona karibu wote ni wavutaji. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa kiume zaidi ya 34,000, wakaendelea nao kwa miaka hamsini. Vifo vya saratani ya mapafu kwa wanaume wa huku vilifika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaani kizazi kimoja baada ya uvutaji kufika kileleni. Sigara na jeneza havisafiri basi moja.

Mwaka 1994 kuna watafiti walichora njia hii kwa hatua nne. Kwanza wanaume wachache wanavuta na wanawake karibu hakuna, vifo havionekani. Pili wanaume wanapanda haraka, wanawake wanaanza kufuata. Tatu uvutaji umeanza kushuka lakini vifo ndiyo vinapanda. Nne uvutaji unazidi kushuka, na vifo vya wanaume vinaanza kushuka, vya wanawake baadaye. Ukiangalia 14.6 kwa 3.2, sisi tuko hatua ya kwanza. Na makampuni yanaijua ramani hiyo kuliko Wizara.

Kitu cha ajabu: kufikia 2023 Uingereza wavutaji walikuwa wamebaki kama asilimia 12. Yaani wao wameshuka ngazi zote mpaka kutukuta sisi chini, halafu sisi tunajipongeza kwamba tuko sawa na Ulaya.

#24 Kipimajoto
Leicester, hii ndiyo nadharia niliyokuwa nimeibana. Ila ina tundu. Kama ni hatua ya kwanza, tumekaa humo tangu lini? Sigara imefika pwani kabla ya bibi zetu kuzaliwa. Kituo gani hicho ambacho basi halitoki?

#25 Konda Mstaafu
Basi halina mafuta. Nilisema namba 3. Hela.

#26 Chuma cha Pua
Mimi bado siamini hata hayo madhara yenyewe. Babu yangu alivuta kiko tangu ujana, kafa na miaka tisini na kitu, tena kwa kuanguka bafuni. Na yule bibi wa Ufaransa, Jeanne Calment, aliyefika miaka 122? Alikuwa anavuta.

#27 Siti ya Mbele
Huyo bibi aliacha akiwa na 117. Naona alishtuka afya yake inaharibika.

#28 Nesi wa Zamu
Chuma, babu uliye naye kwenye hadithi ndiye aliyepona. Waliokufa na hamsini na tano hawakupata wajukuu wa kuwasimulia.

Wale madaktari aliowataja Leicester, matokeo ya miaka hamsini yalitoka 2004. Wavutaji walikufa kwa wastani miaka kama kumi mapema. Aliyeacha akiwa na 60 alirudishiwa kama miaka mitatu, wa 50 sita, wa 40 tisa, na aliyeacha kwenye 30 alirudishiwa karibu yote. Kwa hiyo wanaosema "nimeshavuta sana, nikiacha sasa itasaidia nini" jibu lenu hilo.

Na msiishie kwenye saratani ya mapafu. Kwenye wodi yetu mvutaji analetwa kwa kiharusi, kwa moyo, kwa kifua kikuu kinachorudi rudi, kwa mguu unaooza kwa sababu damu haifiki. Kwenye faili anaandikwa kiharusi, sigara haitajwi. WHO wanasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka duniani, na zaidi ya milioni moja kati yao ni watu wasiovuta, waliokuwa wanavutishwa na aliye pembeni.

#29 Jina Limefichwa
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu.

Mimi ni mwanamke, nina watoto, nafanya kazi ofisini, na navuta. Nimo hata kwenye hiyo 3.2? Sijui, ila akija mtu wa takwimu nyumbani kwangu, mama mkwe yuko sebuleni, siwezi kusema ndiyo. Navutia kwenye gari, kioo kimeshushwa kidogo, na pipi ya mnanaa mkononi. Mume wangu anavuta barazani na mama yake anampelekea kisahani cha majivu, yaani ashtray ya bati, anamwekea mguuni. Mimi nikijulikana kikao kitaitishwa.

Kwa hiyo mnapotafuta kinachowazuia wanawake, ni macho ya watu. Na macho hayazuii wote, yanafundisha kujificha. Tatizo la kujificha ni kwamba hata daktari simwambii. Nilienda na kikohozi nikapewa dawa ya mzio.

#30 Bint Wete
Dada karibu, na pole. Huku hakuna mama mkwe.

#31 Konda Mstaafu
Una hakika? Mimi simwamini huyu Nesi wa Zamu.

#32 Nesi wa Zamu
Wewe Konda nakujua kwa kikohozi. Dada, safari nyingine mwambie daktari tu, ndani ya chumba ni siri yenu. Dawa ya mzio kwa kikohozi cha mvutaji ni kupoteza hela.

#33 Kipimajoto
Dada asante sana kwa kusema. Leicester, huyu hayupo kwenye hatua yako ya kwanza. Yupo tayari kwenye ya pili, ila hahesabiki.

#34 Machinga Msomi
Mimi ndiye mnayemsema bila kunitaja. Nina genge lenye dirisha la nondo, kiberiti cha gesi nimekifunga kamba kwenye nondo ya kati ili kisitembee. Kamba ni fupi makusudi, mvutaji lazima ainame. Kwa hiyo wavutaji wangu wote nawajua kwa utosi.

Konda anasema hela ndiyo inazuia. Mimi naona fegi moja moja ndiyo inaruhusu. Mwenye mia mbili au mia tatu hawezi kununua paketi, ila moja anaweza, na akishaizoea anakuja asubuhi, mchana, jioni, na mwisho wa siku amelipa zaidi ya bei ya paketi. Wanafunzi wanakuja wawili wawili, mmoja ananunua bigijii kwa sauti, mwingine anaomba fegi kwa kunong'ona. Siwauzii. Wa genge la pili anawauzia.

Wanawake wanamtuma mtoto. Mtoto anakuja na noti imekunjwa, hatamki kitu.

#35 Chuma cha Pua
Kwa hiyo Machinga, unajua inaua na unauza. Msomi kweli.

#36 Machinga Msomi
Nauza na sukari. Nauza na soda. Nikiacha fegi, mteja anahamia kwa jirani na mkate wake, vocha yake na sabuni yake. Njoo ulipe kodi ya fremu halafu tuzungumze maadili.

#37 Mtu wa Migori
Kodi ndiyo dawa. WHO inataka kodi ifike asilimia 75 ya bei ya pakiti, na hapa Afrika Mashariki hakuna nchi imefika. Pandisha bei, kijana hataanza.

#38 Konda Mstaafu
Naam! Yaani umekubali kwamba ni hela.

#39 Mbongo Leicester
Bei inafanya kazi, ila angalieni Afrika Kusini. Mwaka 2020 wakati wa korona walipiga marufuku kuuza sigara kabisa, kuanzia mwisho wa Machi mpaka katikati ya Agosti. Wavutaji wengi waliendelea kununua, ila kwa magendo na kwa bei ya kuruka. Marufuku ilipoondolewa wauza magendo walibaki na wateja wao. Kodi bila mipaka iliyofungwa ni zawadi kwa mtu wa magendo wa Tunduma.

#40 Mlokole Mkimya
Kuna moja hamjagusa. Vijana wa sasa hawavuti sigara kwa sababu wamehamia bangi na mirungi. Nafasi ni moja, imejazwa.

#41 Konda Mstaafu
Mlokole, mkeka wa mirungi hujawahi kuukalia. Pale ndipo fegi inapoliwa kuliko mahali popote. Jani linavuta sigara, sigara inavuta soda. Na bangi wengi wanaichanganya na tumbaku. Hakuna aliyehama, wameongeza chumba.

#42 Bint Wete
Na shisha? Wasichana ambao fegi wangeona haya kuishika, bomba la shisha wanapiga nalo picha. Hapa Tanzania shisha ilipigwa marufuku 2016. Nendeni hoteli za ufukweni mkahesabu.

#43 Mtu wa Migori
Sisi ni Desemba 2017. Halafu 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikasema ile marufuku haikufuata utaratibu, haikupelekwa bungeni. Waganda waliweka ndani ya sheria yao ya 2015, pamoja na sigara za umeme. Ugoro na ya kutafuna nayo wakakataza.

#44 Nesi wa Zamu
Wanaodhani maji yanachuja sumu: kikao cha saa moja cha shisha kinaingiza moshi mara mia mpaka mia mbili ya ujazo wa sigara moja. Na mkaa wa juu unaleta kaboni monoksidi juu ya hapo. Maji yanapoza tu, ndiyo maana unavuta kwa kina zaidi.

Ila ngoja niseme linalonikera kwenye mada nzima. Wanawake ninaowaona wana mapafu ya wavutaji na hawajavuta. Mama wa miaka hamsini na kitu, kifua kimejaa, anapumua kwa mabega, kila swali la sigara anajibu hapana, na kweli hapana. Ukimuuliza anapika na nini: kuni, jiko la ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya mbuzi. Moshi wa majumbani unaua karibu watu milioni 3 kwa mwaka duniani. Sisi tunashangilia asilimia 3.2 ya wanawake wakati wengi wao wamekaa jikoni miaka thelathini. Pafu haliulizi moshi umetoka wapi.

#45 Kijana wa Kaliua
Na kuni zimekwenda kwenye bani, mama anapikia mabua ya mahindi. Moshi wake ndio usiseme.

#46 Chai ya Moto
Natokea Bomet. Huku kwetu saratani ya umio imemaliza watu, na wengi si wavutaji. Daktari mmoja anasema tumbaku, mwingine pombe ya kienyeji, mwingine moshi wa jikoni, mwingine chai tunayokunywa ikichemka. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vilitajwa 2016 kwamba huenda vinasababisha. Ukanda mzima wa mashariki mwa Afrika unasumbuliwa, kutoka Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini. Mkisema tumbaku ndiyo adui mmoja mnatuacha sisi nje.

#47 Siti ya Mbele
Jina lako na ulichoandika haviendani hata kidogo.

#48 Chai ya Moto
Nimelitumia tangu 2013. Sasa nakunywa ikipoa, mke wangu anasema ni maji ya kuoshea vyombo.

#49 Kipimajoto
Naona tumefika mbali. Hela, macho ya watu, dini, sheria, zamu haijafika, na takwimu hazimwoni dada wa namba 29. Kila moja ikisimama peke yake kuna mtu humu ameiangusha.

Konda, hukutuambia. Wewe bado unavuta?

#50 Konda Mstaafu
Niliacha. Hela ilikuwepo na dini sikuwa nayo kihivyo. Mjukuu alikuwa na pumu, kila nikimbeba anakohoa, mwanangu akaacha kumleta. Siku tatu za kwanza niligombana mpaka na redio. Nilienda duka la dawa kuulizia zile bigijii za nikotini nilizosikia, muuzaji akanipa pipi ya kikohozi. Niliacha kwa kutafuna karanga na kulala mapema. Nikisimama kituoni bado nanusa upepo wa mvutaji kama mtu aliyepita jikoni kwa jirani.

#51 Nesi wa Zamu
Siku tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, ulipita pazuri. Kikohozi umebaki nacho?

#52 Konda Mstaafu
Hicho ni cha kumstua abiria.

#53 Machinga Msomi
Swali kwa wenye kujua sheria. Picha za kutisha za Kenya na haya maandishi yetu ya "ni hatari kwa afya" vyote viko kwenye paketi. Paketi ninayo mimi, iko chini ya meza. Mteja wangu anapewa fegi moja mkononi. Onyo analisoma wapi? Kwa miaka yote hii anayeonywa ni mimi nisiyevuta.

#54 Mtu wa Migori
Wallahi hapo umetupiga bao.

#55 Mlokole Mkimya
Liandikwe kwenye kiberiti chako cha kamba, si wanainama?

#56 Mbongo Leicester
Canada wameshalifanyia kazi. Sheria yao iliyoanza Agosti 2023 inataka onyo liandikwe kwenye sigara yenyewe, moja moja, pale karibu na kichungi. Kiingereza na Kifaransa.

#57 Konda Mstaafu
Lugha mbili? Mimi ningevutia upande wa Kifaransa.

#58 Jina Limefichwa
Nimecheka mpaka mama mkwe kauliza kuna nini.